Mjadala: Je, swali la "Mimi ni nani?" humfikisha mtu kwenye ukweli wake?

Msaka Kiini:
Ndugu zangu, Ramana Maharshi, mwalimu wa kiroho wa Kihindu aliyeishi katika mlima wa Arunachala, kusini mwa Uhindi, alifundisha kwamba wazo linapozuka mtu asilifuate wala asipigane nalo, bali aulize: limemzukia nani? Jibu likiwa "mimi", aulize tena: mimi huyu ni nani? Swali hilo si uradi wa kurudiwarudiwa. Kazi yake ni kuirudisha akili ilikotoka, mpaka ibaki hisia ya kuwapo tu, bila jina, cheo wala kabila. Mimi hulifanya zoezi hili alfajiri, na hasira ikinipanda naona inamkosa mtu wa kumshika. Je, huo ni ujuzi, au ni utulivu wa mwili uliopumzika?

Mama Watatu:
Ni utulivu wa mtu asiye na wa kumlilia. Huyo mnayemsifu alitoroka nyumbani mwaka 1896 akiwa na miaka 16, akachukua karo ya kaka yake na kumwacha mama mjane.

Mwalimu Mstaafu:
Dada yangu, tumtendee haki. Kaka yake alimwambia achukue rupia 5 sandukuni akamlipie karo. Yeye alichukua 3 za nauli, akaacha 2 pamoja na barua isiyo na sahihi, iliyoeleza kwamba karo haijalipwa, kwamba mtu yeyote asihuzunike, na kwamba fedha zisitumike kumtafuta. Mwizi hatoi hesabu ya namna hiyo. Isitoshe, mama huyo, Alagammal, baadaye alihamia kwa mwanawe huko mlimani, na alipokuwa akikata roho mwaka 1922, mkono mmoja wa mwanawe ulikuwa kifuani pake na mwingine kichwani.

Mama Watatu:
Mwalimu, shikamoo, lakini umeruka mwaka 1898. Mama alimfuata, akamlilia arudi nyumbani, naye hakufumbua kinywa. Alimwandikia kwenye karatasi kwamba lisilokusudiwa kuwa halitakuwa, hata mtu ajitahidi vipi. Mzazi anayelia hajibiwi kwa karatasi.

Mwana wa Zawiya:
Hata kwetu pwani masheikh wa tarika, yaani njia za Kisufi, hunukuu kauli kwamba anayeijua nafsi yake amemjua Mola wake, kwa hiyo swali hili si la Wahindi peke yao.

Mfuata Isnadi:
Nukuu ukitaka, ila usimnasibishie Mtume, kwa maana Imam Nawawi, mwanachuoni wa hadithi, alishasema kwamba kauli hiyo haikuthibiti kutoka kwake.

Mwana wa Zawiya:
Nimesema masheikh, sheikh wangu. Tafadhali usinitwishe nisilolisema.

Msaka Kiini:
Naomba turudi kwenye hoja. Ramana mwenyewe hakuwahimiza wenye familia kuziacha nyumba zao; walipomwomba ruhusa aliwarudisha kwenye kazi zao, akiwaambia kwamba kinachopaswa kuachwa ni ile fikra ya "mimi ndiye mtendaji". Yeye pia aliamka kabla ya mapambazuko akakata mboga jikoni pamoja na wapishi. Swali hili halina haja ya pango.

Mwalimu Mstaafu:
Na kuhusu kupumzika kwa mwili: saratani ilimshika mkononi, akapasuliwa mara 4 kabla ya kufariki tarehe 14 Aprili 1950, na bado aliendelea kuwapokea wageni. Mwili ule haukuwa umepumzika, kwa hiyo utulivu wake ulikuwa na chimbuko jingine.

Mama Watatu:
Subira ya mgonjwa naiheshimu, kwa kuwa nimeuguza. Lakini Msaka Kiini, umesema aliwarudisha wengine kwao. Kama nyumbani panatosha kwa swali hili, kwa nini yeye hakurudi alipoliliwa na mama yake? Hilo hamjalijibu, na mpaka mlijibu sitakubali kwamba ukweli aliouona ulikuwa na nafasi ya mtu mwingine ndani yake.