Mwanasheria kwenye kliniki ya watoto, Moshi: tuanze na mashauri gani, na daktari aandike nini?

MuuguziRau (Moshi)

Habari za kazi wadau. Kituo chetu cha afya hapa Moshi mjini kina kliniki ya watoto Jumanne na Alhamisi, pamoja na kitengo cha lishe. Watoto walewale wanarudi. Uzito ulipanda wodini, nyumbani ukashuka tena. Dawa za kifafa zimekatika kwa sababu mama kaachishwa kazi. Mtoto wa miaka saba hana cheti cha kuzaliwa, na kila dirisha anakoenda anaombwa hichohicho cheti.

Mawakili wawili wamejitolea kukaa nasi asubuhi moja kwa wiki bila malipo. Najua mpango wa namna hii ulianza Boston, Marekani, mwaka 1993. Dk. Barry Zuckerman aliingiza mwanasheria kwenye idara ya watoto baada ya kuona watoto wa pumu wanatibiwa na kurudishwa kwenye nyumba zenye kuvu ukutani. Lakini sheria zao si zetu. Naomba mnisaidie: tuanze na mashauri ya aina gani, nani amuulize mama na amuulize nini, daktari aandike nini ili kisaidie kweli, na siri ya mgonjwa tuilindeje?

---

WakiliMeru (Arusha)

Sista, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kuanza. Mipango mingi ya kujitolea hufa kwa kupokea kila shauri linalopita mlangoni. Mirathi ya babu na mgogoro wa mpaka shambani vitawamaliza mawakili wako wawili, na mtoto atabaki vilevile.

Kwanza hakikisheni msaada unatolewa kupitia taasisi iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Msajili yupo Wizara ya Katiba na Sheria, na wasajili wasaidizi wapo ngazi ya mkoa na halmashauri. Hapo Moshi mna KWIECO, shirika la msaada wa kisheria kwa wanawake, ambao wamefanya kazi hii muda mrefu, zungumzeni nao mapema. Wasaidizi wa kisheria wanaweza kuelimisha, kuwashauri wanaogombana wapatane na kusaidia kujaza fomu, ila hawamwakilishi mtu mahakamani na hawatozi ada. Wakili aje kwa yale tu yanayohitaji wakili.

Kuhusu nyumba, ule mfano wa Boston hapa hauna nguvu. Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na mpangaji wa chumba kimoja mitaa kama Pasua au Unga Limited mara nyingi hana hata mkataba wa maandishi. Ukimpeleka mwenye nyumba kwenye baraza, mama atahamishwa kabla shauri halijatajwa. Njia inayofaa ni bwana afya wa kata. Choo kinachofurika au maji machafu yanayotuama ni kero chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, na notisi yake inamfikia mwenye nyumba bila jina la mama kuonekana popote. Mwambieni akague nyumba tatu nne za mtaa ule kwa pamoja, asiende kwenye hiyo moja.

Sasa matunzo, ambayo naamini ndiyo yatajaza meza yenu. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinamtaka mzazi atoe chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, na elimu. Ombi linakwenda Mahakama ya Watoto. Mahakama huangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, wategemezi wengine walionao, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Pana mtego mmoja: kama baba anakana mtoto, ombi linatakiwa liletwe wakati wa ujauzito au ndani ya miezi 24 tangu kuzaliwa. Baada ya hapo unahitaji kuthibitisha kwamba alitoa fedha za matunzo ndani ya miezi hiyo 24, au kwamba alikuwa nje ya nchi. Kwa hiyo ujumbe wa simu wa kutuma elfu kumi ya maziwa ni ushahidi. Mwambieni mama asiufute, na mwandikieni tarehe na kiasi kwenye karatasi kabla simu haijapotea.

Barua ya daktari ndiyo inayobeba shauri au kuliangusha. Barua ya mistari miwili, "mtoto ana utapiamlo, asaidiwe", haimpi hakimu kitu cha kushika. Iwe hivi: tarehe aliyoonwa kwa mara ya kwanza na tarehe za mahudhurio, uzito, urefu na mzunguko wa mkono kwa kila hudhurio, ili mwenendo uonekane. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzunguko wa mkono chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na kuanzia hapo mpaka chini ya 12.5 ni wa kadiri. Andikeni maana ya namba, hakimu hakusoma lishe. Kisha mahitaji ya mwezi mmoja kwa shilingi: mahudhurio mangapi, nauli ya kwenda na kurudi, dawa ambazo hazipatikani kituoni, chakula alichoelekezwa. Mwisho, nini kitampata mtoto kiafya akikosa haya, kwa lugha ya kitaalamu isiyotishia.

Msiandike "baba amemtelekeza mtoto." Daktari hakuliona hilo. Andikeni "mama ameeleza kuwa hapati matunzo tangu mwezi fulani." Sentensi moja ya daktari kusema asichokishuhudia inampa upande wa pili nafasi ya kuitilia shaka barua nzima. Vifupisho vya wodini viachwe. Iandikwe kwa Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya mahakama kisheria tangu mwaka 2021, iwe na jina kamili, namba ya usajili wa daktari, sahihi na mhuri wa kituo.

---

UstawiKilimanjaro (Moshi)

Naongezea upande wa ustawi, maana bila afisa ustawi wa jamii wa kituo mpango huu utakuwa na mguu mmoja.

Maswali yaulizwe na muuguzi wakati wa kupima uzito, kwa sababu pale kila mtoto anapita na mama hahisi kwamba kachaguliwa kwa umaskini wake. Matano yanatosha. Mtoto ana cheti cha kuzaliwa? Nani anatoa hela ya chakula na dawa? Ndani ya miezi mitatu kuna siku hamkuja au hamkununua dawa kwa kukosa fedha? Kuna mtu wa nyumbani mwenye ajira aliyefukuzwa au kukatwa mshahara kwa ajili ya kuuguza? Kuna mtu anayewatisha au kutaka kuwatoa mnapoishi? Hilo la mwisho lisiulizwe mume, wifi au mama mkwe akiwa karibu. Mwite mama ndani kwa sababu ya kupima urefu, kisha uliza.

Chukueni namba ya simu na muulize, "Hii simu nani mwingine anaishika?" Ukituma ujumbe wa mahakama kwenye simu ya mume, umemweka mama hatarini.

Cheti: aliye chini ya miaka mitano anasajiliwa na kupewa cheti bila malipo kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata, kwa mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Hapo hakuna kazi ya wakili kabisa, ni kazi ya siku hiyohiyo. Kinachokwamisha ni akina mama kusubiri baba akubali. Asisubiri; jina la baba si sharti la mtoto kupata cheti. Linganisheni herufi za jina la mama na kitambulisho chake cha taifa (NIDA) kabla ya kubonyeza kitufe, kwa sababu "Aisha" na "Asha" baadaye ni safari za kurekebisha na ada juu. Aliyezidi miaka mitano anaenda ofisi ya RITA ya wilaya na tangazo la kizazi, ile karatasi anayopewa mama kituoni akijifungua. Kama limepotea, kusanyeni kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au cha shule, na kiapo cha mzazi. Kiapo ndicho mawakili wenu wanaweza kukiandaa, mmoja akiandika na mwenzake akishuhudia, palepale mezani bila malipo, na ni msaada mkubwa.

Msamaha wa gharama: sera inawatoa watoto chini ya miaka mitano na wenye magonjwa sugu kama kifua kikuu, saratani na kisukari. Aliyezidi miaka mitano na hana uwezo anapimwa na afisa ustawi. Barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji na namba ya kaya ya TASAF (mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini), kama wapo, vinaharakisha sana. Ombi lifanywe siku ya kulazwa. Watu huja siku ya kuruhusiwa, bili imeshafika laki kadhaa, na mazungumzo yanageuka kuwa ya deni badala ya haki. Na pale dawa isipokuwepo dirishani, msamaha haumsaidii mzazi duka la nje. Hilo liandikwe kwenye daftari kila linapotokea, jina la dawa na tarehe, liende kwa kamati ya kituo kila mwezi.

---

MsaidiziUsa (Usa River)

Kwenye kazi, siku ndizo zinazowaponza wazazi. Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), fomu namba 1. Mgogoro mwingine, mfano mshahara uliokatwa, ni siku 60. Akichelewa anaanza na fomu namba 2 ya kuomba kusamehewa kuchelewa, na hapo lazima aeleze kila siku aliyochelewa. Kulazwa na mtoto ni sababu nzuri ikiwa ina karatasi. Kwa hiyo mtoto akitoka wodini, mpeni mama cheti chenye tarehe ya kuingia na ya kutoka na maneno "mama alikuwa mlezi wake wodini." Mara nyingi cheti kinamtaja mtoto peke yake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo mtoto akiugua. Anayenyonyesha ana hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Uzazi ni siku 84, mapacha 100. Wengi kwenye mashamba ya maua na kahawa huku Arumeru hawalijui la siku nne.

Tahadhari: aliyefanya kazi chini ya miezi sita na mwajiri huyo hana kinga ya kuachishwa isivyo halali, na mkataba wa msimu ukiisha wenyewe si kufukuzwa, isipokuwa mfanyakazi alikuwa na sababu za msingi za kutarajia utaendelea. Muulizeni hayo mawili kwanza, msimpe mama tumaini ambalo CMA italivunja.

---

DktWatotoArusha

Kuhusu siri. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo ridhaa iwe ya maandishi, na iseme taarifa ipi, kwa nani, kwa ajili ya nini. Ridhaa ya "taarifa zote" haifai. Shauri la matunzo linahitaji vipimo vya lishe. Halihitaji majibu ya VVU, na hayo yasitoke kamwe kwa mazoea ya kutoa nakala ya faili lote. Wakili awe na faili lake, kabati lake na ufunguo wake. Kwenye faili la matibabu andikeni tu "amepelekwa dawati la sheria" na tarehe.

Ukatili haupiti kwenye ratiba ya wakili wa Jumanne. Tibu kwanza, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu ya aliyeumizwa) ifuate, na Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi pamoja na afisa ustawi wajulishwe siku hiyohiyo. Kwa aliyebakwa, dawa za kuzuia VVU zina saa 72 tu. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka kila mwenye taarifa kuripoti, kwa hiyo hapa hamsubiri ridhaa ya mzazi.

Kwa wenzetu wa upande wa Meru ongezeni swali la sita: maji mnachota wapi? Maji ya chini ya maeneo mengi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi. Meno ya kahawia ni dalili ya mapema. Miguu kupinda kwa mtoto ni hatua mbaya zaidi, hasa pale magadi yanapotumika kulainisha maharage, maana nayo yana floraidi. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Chukueni sampuli kwa chupa ya plastiki, siyo ya kioo, ipimwe maabara ya maji. Kiwango cha mwisho ni miligramu 1.5 kwa lita. Hapo barua moja yenye orodha ya watoto kwa umri na kijiji, bila majina, ikiwa na majibu ya maabara, inakwenda RUWASA (wakala wa maji vijijini) kwa vijijini au mamlaka ya maji kwa mjini. Mamlaka ya maji ya mjini isipojibu, lalamiko linapanda EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Kwa tatizo la kijiji kizima, barua hiyo ina uzito kuliko mashauri ishirini ya mtoto mmojammoja.

---

MuuguziRau

Asanteni sana. Mawili yamebaki. Mama akikataa mahakama kwa kuogopa kupigwa, tumfanyeje? Na lalamiko likiwa dhidi ya kituo chetu wenyewe?

---

WakiliMeru

La pili kwanza: liandikwe kwenye hati ya makubaliano kabla ya siku ya kwanza. Dawati lililo ndani ya kituo halishughulikii madai dhidi ya kituo, yanapelekwa kwa taasisi ya nje iliyotajwa kwa jina kwenye hati, na mama aambiwe hivyo waziwazi. Msipoliandika, siku likitokea mganga mfawidhi atalifunga dawati lote.

La kwanza: msimlazimishe, na msimwite mume kwa barua ya wakili. Afisa ustawi anaweza kuita wazazi wote wawili kama wito wa kawaida wa maendeleo ya mtoto na kuandika makubaliano ya matunzo: kiasi, tarehe ya kila mwezi, njia ya kutuma. Hii ni kwa mama anayechukia mahakama. Kama ameshapigwa au ametishiwa, usuluhishi wa ana kwa ana usifanyike kabisa. Aende Dawati la Jinsia la Polisi, na matunzo yasubiri mpaka awe na pa kulala salama.

Kila shauri wakili amrudishie muuguzi jibu ndani ya siku 14, hata kama ni neno "bado." Muuguzi asiposikia kilichotokea kwa watoto aliowapeleka, mwezi wa tatu ataacha kuuliza yale maswali matano.