Dagaa wa Mwaloni: tusajili jina la biashara au kampuni? TIN ninayo ya leseni ya udereva

mzawa_kirumba: Wakuu habari za jioni. Mimi na binamu yangu tunachukua dagaa pale soko la Mwaloni, Mwanza, tunatoa mchanga tunapaki nusu nusu kilo. Sasa kuna supamaketi hapa mjini wamekubali kuchukua mzigo ila wanataka TIN (namba ya mlipakodi) ya biashara, leseni na risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. TIN yangu niliitoa wakati nashughulikia leseni ya udereva. Jamaa mmoja ananiambia nimpe elfu 50 anitolee mpya, wengine wanasema fungueni kampuni kabisa muonekane mko siriasi. Naombeni mwongozo.

Baba Naomi: Huyo kishoka usimpe hata mia. TIN wanatoa TRA, watu wa mapato, tena bure, na mtu ana TIN moja tu, hiyo yako unaenda nayo na kitambulisho cha NIDA na mkataba wa pango wanaibadilisha inakuwa ya biashara. Ukifika kwenye makadirio ya kodi tuliza akili, watu wanataja mauzo ya wiki za giza, dagaa wakiwa wengi, wanazidisha kwa mwaka mzima utadhani mbalamwezi haiwaki ziwani, halafu wanalia kodi kubwa. Leseni ya biashara ni halmashauri, kama fremu iko Kirumba hiyo ni manispaa ya Ilemela sio Jiji la Mwanza.

sangara_mkavu: Kampuni ya nini mapema hivyo? Mtu binafsi mauzo yakiwa hayajavuka milioni 100 kwa mwaka analipa kodi kutokana na mauzo, chini ya milioni 4 halipi kabisa. Kampuni hata iuze viroba kumi lazima mahesabu yapitiwe na mhasibu mwenye CPA, kodi asilimia 30 ya faida, na BRELA, wasajili wa makampuni, kila mwaka wanataka ritani (taarifa ya mwaka ya kampuni), usipopeleka faini inajumlishika kimya kimya. Sajili jina la biashara BRELA kwenye ORS, mfumo wao wa mtandaoni, unafanyia hapo hapo kwenye simu.

Mama Dagaa: Hapo sikubaliani na wewe sana kaka. Wako wawili hao! Jina la biashara halikutenganishi na biashara yako, mzigo ukiloa na mvua mkabaki na deni la watu anayedai anaweza kufika mpaka kwenye kiwanja chako, na mkiwa wabia deni alilokopa binamu kwa jina la biashara na wewe linakuhusu. Kampuni deni ni lake, labda uwe umesaini dhamana mwenyewe, na benki wanapenda sana usaini. Tena ubia nao una TIN yake na kila mbia anakatwa kodi kwenye fungu lake, ule unafuu wa kulipa kodi kutokana na mauzo hapo msiutegemee.

mzawa_kirumba: Kwa hiyo nikisajili jina peke yangu, binamu nikawa namlipa kwa kila kiroba inakaaje?

Mama Dagaa: Inakaa, ila muandikiane na yeye akubali kwamba biashara ni yako. Akikataa kusaini, jibu unalo: anajiona mbia.