Tupeane uzoefu: feni ya laptopu inapiga kelele, apdeti ya BIOS inaituliza kweli?

Kimyakimya
Wakuu, kuna ile laptopu ambayo haifanyi chochote, faili moja tu la maandishi liko wazi, halafu feni inapanda ghafla, inaunguruma sekunde kumi, inashuka, nusu dakika haijapita inapanda tena. Ukifungua kifuniko cha chini huoni vumbi. Wenye ujuzi leteni: apdeti ya BIOS, yaani firmwea (programu iliyo ndani ya chipu ya bodi, inayowasha mashine), inabadilisha nini hasa, hatua ni zipi, na mambo huharibikia wapi. Ushauri wa "nunua mpya" kaeni nao.

fundi_bodi
Kupanda na kushuka bila kazi mara nyingi ni jedwali la feni, feni yenyewe haina kosa. Kwenye bodi kuna chipu ndogo inaitwa EC (Embedded Controller). Ndiyo inayosoma sensa za joto na kutuma mapigo kwenye waya wa nne wa feni. Nyaya tatu zilizobaki ni umeme (laptopu nyingi volti 5), hasi, na ule unaorudisha hesabu ya mizunguko. Ndani ya EC kuna ngazi: joto hili, kasi hii. Sasa chukua ngazi ya kwanza inayowasha feni kwenye nyuzi 50 na kuizima kwenye 48. Prosesa za siku hizi zinaruka nyuzi 10 au 15 ndani ya sekunde moja ukifungua kurasa tu, kwa hiyo feni inakimbizana na kila mruko. Apdeti iliyotengenezwa vizuri inapanua huo mwanya, tuseme iwashe 55 izime 45, na inaifanya EC ingoje sekunde kadhaa kabla ya kukurupuka. Hizo programu za "kusafisha kompyuta" haziigusi EC hata kidogo.

Kabla hujapakua kitu: Windows+R, andika msinfo32, angalia mstari wa BIOS Version/Date na wa Embedded Controller Version. Nakili zote mbili. Kisha soma maelezo ya kila toleo lililotoka baada ya lako, siyo la mwisho peke yake. Kama hakuna panapotaja feni au joto, usitegemee kelele ibadilike.

Mzee wa Skrubu
Mnakimbilia BIOS wakati mapezi ya shaba yanayotoa joto nje yamevaa blanketi la vumbi. Vumbi halikai juu ya feni, linajibana kati ya feni na mapezi, na ukiwa umefungua kifuniko cha chini tu huwezi kuliona. Toa feni. Ni skrubu mbili au tatu. Chomoa betri kwenye bodi kwanza. Ukipuliza hewa ya kopo, zuia mapanga kwa kijiti cha meno, maana hewa inaweza kuyazungusha kupita kasi yake na kuua beringi.

mtambo80
Naunga mkono. Kijiti cha meno lazima.

fundi_bodi
Mzee, mwenye mada kasema hakuna vumbi.

Mzee wa Skrubu
Kasema amefungua kifuniko. Hajasema ametoa feni. Soma tena taratibu.

BintiUmeme
Kabla hamjashikana mashati, sikilizeni sauti yenyewe. Mvumo wa upepo unaopanda na kushuka: jedwali, au joto halitoki. Kukwaruza, kutetemeka, mlio kama wa nyuki aliyenaswa kwenye chupa: beringi. Inua laptopu uisimamishe kwa ubavu, kisha ipindue. Kelele ikibadilika kwa mkao, feni imechakaa na hakuna firmwea duniani itakayoitengeneza, agiza nyingine kwa namba iliyochapwa nyuma yake. Halafu kuna mlio mwembamba kama wa mbu unaobadilika ukisogeza kipanya: hiyo si feni kabisa, ni koili za umeme kwenye bodi.

Kipimo cha pili: prosesa ikikaa nyuzi 80 na zaidi bila kazi, feni ina haki ya kupiga kelele. Fungua Task Manager kwanza uone nani anakula prosesa. Kama hakuna, twende kwenye vumbi na pesti ya joto iliyokauka juu ya prosesa, hapo mzee yuko sahihi. Ikikaa 45 na bado feni inapandisha, fundi_bodi yuko sahihi.

Kimyakimya
Inakaa 46 hadi 52. Toleo jipya lipo na maelezo yake yanataja feni. Hatua?

BintiUmeme
Kwa Windows:

Thibitisha namba kamili ya modeli iliyo kwenye stika ya chini. Jina la familia halitoshi, mashine mbili za jina moja zinaweza kuwa na bodi tofauti.

BitLocker (kufuli la Windows la diski) ikiwa imewashwa, isimamishe. Fungua CMD kama msimamizi: manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 2. Ukiiruka hatua hii unaweza kuwashiwa skrini ya bluu inayodai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo uwe umeandikwa mahali pengine, siyo ndani ya laptopu hiyohiyo (msicheke, hutokea).

Chaja ya asili ukutani, betri juu ya nusu. Toa flashi zote na vifaa vyote vya nje. Funga kila kitu, endesha faili, iache. Itajizima na kujiwasha zaidi ya mara moja, skrini inaweza kuwa nyeusi dakika kadhaa, na feni itavuma kwa kasi ya mwisho kwa sababu EC inayoiongoza ndiyo inayoandikwa upya. Huo mvumo ni dalili kwamba kazi inaendelea.

Ikimaliza, ingia kwenye BIOS, rudisha mipangilio ya awali, kisha angalia namna bodi inavyoongea na diski, AHCI au RAID, iko kama ilivyokuwa. Ikibadilika, Windows haitawaka.

Na jua mapema: matoleo mengi siku hizi hayakubali kurudi nyuma.

ubao_mama
Huo mvumo ndipo watu wanapouawa!! Skrini nyeusi, feni inalia kama inataka kupaa, mwenye mashine anashika kitufe sekunde kumi. Imekwisha. Baada ya hapo ni taa ya chaja tu, taa ya Caps Lock inapepesa kwa mpangilio, skrini haiji, na feni inazunguka moja kwa moja kwa kasi ya mwisho kwa kuwa hakuna tena wa kuipa amri. Uliyekimbia kelele umepata kelele ya kudumu.

Bado si maiti. HP nyingi: shika Windows+B, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde mbili tatu, achia kitufe lakini endelea kushika hizo mbili. Dell nyingi: chomoa chaja, shika Ctrl+Esc, chomeka chaja, achia ukiona skrini ya uokoaji. Kama diski haina nakala ya BIOS, andaa flashi iliyofomatiwa FAT32 yenye faili la uokoaji kwenye mashine nyingine.

Ikigoma, unaingia kwenye chipu yenyewe: miguu nane, familia ya 25Q, megabaiti 16 au 32, kibanio na CH341A (kifaa cha USB cha kusoma na kuandika chipu).

mtambo80
CH341A ni kitu cha nusu saa tu, watu wanaogopa bure.

ubao_mama
Nusu saa ya kuua chipu! Ile nyeusi ya kawaida inatoa volti 5 kwenye nyaya za data hata kama umeme wake ni 3.3. Na laptopu nyingi mpya zina chipu za volti 1.8. Soma maandishi ya mwisho wa jina: W25Q128JV ni 3.3, W25Q128JW ni 1.8. Herufi moja. Bila adapta ya 1.8 umechoma.

mtambo80
Sawa mkuu, nusu saa na adapta.

fundi_bodi
Na usichukue faili la mtengenezaji ukalimwaga juu ya chipu nzima. Mara nyingi mle ndani ndimo inamokaa namba ya mashine na ufunguo wa Windows. Chomoa betri kwanza, soma chipu mara mbili, linganisha nakala, zisipofanana kibanio hakijakaa. Ukishapata mbili zinazofanana, hifadhi, kisha badilisha sehemu ya BIOS peke yake. Pia kuna bodi ambazo EC ina hifadhi yake pembeni, hapo utaandika chipu ya BIOS vizuri kabisa na mashine isiwake.

Linuksi_tu
Huku kwetu Linux, apdeti za firmwea huletwa na amri hizi: fwupdmgr refresh, fwupdmgr get-updates, fwupdmgr update. Chaja ikiwa haipo yenyewe inakataa. Wenye ThinkPad wanaotaka kujaribu kabla ya kuapdeti: weka options thinkpad_acpi fan_control=1 ndani ya /etc/modprobe.d, washa upya, kisha echo level 2 | sudo tee /proc/acpi/ibm/fan. Ngazi ni 0 hadi 7. Kelele ikitulia kwenye ngazi iliyoganda, umethibitisha kosa ni jedwali. Usiisahau hapo: ukimaliza rudisha level auto, la sivyo prosesa itapikwa.

mtambo80
Au punguza Maximum processor state hadi 99% kwenye mipangilio ya umeme ya Windows. Turbo (kasi ya ziada) inazimika kwenye prosesa nyingi, joto linashuka, kimya. Apdeti ya nini?

BintiUmeme
Kwa kuandika barua, sawa. Kwa kuhariri video umejifunga kamba. Ni dawa ya kutuliza.

Kimyakimya
BIOS mpya imeingia, msinfo32 inaonyesha tarehe mpya. Lakini namba ya EC ni ileile ya zamani na feni ni ileile.

fundi_bodi
Basi nusu ya apdeti haikuingia. Baadhi ya mashine huandika EC ikiwa chaja imechomekwa tangu mwanzo, nyingine zina faili la EC la peke yake. Zima kabisa, chomoa chaja, shika kitufe cha kuwasha sekunde 30, chomeka chaja, washa, usome tena namba. Isipobadilika, tafuta faili la EC la modeli hiyo.

Kimyakimya
Namba ya EC imebadilika baada ya sekunde 30. Mipando imepungua, sasa ni kila dakika nne au tano.

Mzee wa Skrubu
Na feni umeitoa?