Tupeane uzoefu: hifadhi ya kisiasa na mlango wa ubalozi

Mwanzishaji: Baraza zetu za Mji wa Kale zimeshika moja: mtu akikorofishana na serikali, akimbilie konsuleti. Wanaozijua taratibu, haya, karibuni. Za "nilisikia" tuziwache barazani.

Karani Mstaafu: Balozi ziko Nairobi. Hapa Mombasa wengi ni makonseli wa heshima, mara nyingi mfanyabiashara aliyepewa bendera na muhuri. Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu balozi, kifungu cha 22, unawazuia polisi kuingia ubalozini bila idhini ya mkuu wake. Konseli wa heshima yuko chini ya mkataba wa 1963 kuhusu konsuleti, na ofisi yake haina kinga hiyo. Kinachokingwa ni nyaraka za kazi, tena akiziweka mbali na karatasi za duka lake.

Hata ubalozini, polisi hawana haja ya kuingia. Wanangoja langoni. Maafisa wawili wa Mengistu, mtawala wa Ethiopia aliyepinduliwa, waliingia ubalozi wa Italia, Addis Ababa, 1991. Walitoka 2020.

Bint Kibokoni: Na kinga si mali ya mwanadiplomasia, ni ya nchi iliyomtuma. Yeye mwenyewe hawezi kuivua. Mwaka 1996 Seth Sendashonga, mpinzani wa Rwanda, alipigwa risasi Nairobi akapona. Akakamatwa mtumishi wa ubalozi wa Rwanda. Kenya ikaomba kinga iondolewe, Rwanda ikakataa, Kenya ikaufunga ubalozi. Sendashonga aliuawa humo humo Nairobi 1998.

Mkalimani wa Tudor: Mimi nasema mahojiano ya kuomba hifadhi, maana ndiko kesi zinakozama. Muombaji anasema, "Walivunja mlango saa nane usiku." Mkalimani asiyejua saa zetu kasikia nane akaiacha nane ya Kizungu, yaani saa mbili usiku ya kwetu. Hati ya daktari inaonyesha alfajiri. Afisa anaona uongo. Dawa yake: taja saa, kisha ongeza "saa nane zimepita tangu jua kutua" au "kabla ya adhana ya alfajiri", na uombe usomewe maelezo yote kabla ya kutia sahihi.

Jamaa nao ni mtego. Ukisema "baba" ukimaanisha baba mdogo, fomu inaandika mzazi; mahojiano ya pili una baba wawili, mmoja marehemu. Sema "ndugu yake baba, mdogo wake". Ndugu tumbo moja mtenge na binamu.

Mwanzishaji: Shukran, kaka. Na muda wa kuomba hifadhi?

Karani Mstaafu: Anayeingia Kenya ajitokeze mwenyewe kwa afisa ndani ya siku 30. Marekani ni mwaka 1 tangu kufika. Ukipita, ueleze sababu nzito. Mkenya hawezi kuwa mkimbizi akiwa Kenya, lazima awe nje.

Bint Kibokoni: Mzee, ongeza pasi. Sheikh Khalid Balala wa hapa kwetu, mhubiri mpinzani wa serikali, alikwama Ujerumani miaka ya 1990, serikali ilipokataa kumpa pasi mpya. Aliyekwisha kupewa ukimbizi yeye asiiombe kabisa: kuhuisha pasi ya kwao kunahesabika kuwa karudi chini ya ulinzi wa nchi ileile aliyoikimbia. Asafiri na hati ya kusafiria ya mkataba wa wakimbizi wa 1951.

Mkalimani wa Tudor: Na pasi ile ya zamani asiichome, ina mihuri ya tarehe.