Mada: Mama anakung'uta mikono usiku, tunaambiwa twende Dar kwa kipimo cha mishipa ya fahamu

Kutoka: Binti wa Mikindani (Leicester, kwa sasa nipo nyumbani)

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo.

Nipo likizo Mikindani, wiki ya pili sasa, nalala chumba kimoja na mama. Kila usiku, kama saa nane hivi, namsikia anaamka, anakaa kitandani na kuukung'uta mkono wa kulia kama mtu aliyetoka kunawa na hana taulo. Nikimuuliza anasema, "Mkono umekufa, ngoja urudi." Asubuhi kikombe cha chai kinamponyoka. Mama amebangua korosho miaka mingi, vidole vyake vina makovu ya mafuta ya maganda, kwa hiyo mwenyewe anaona ni kazi na umri tu. Majirani nao wana maelezo yao, siyaandiki hapa.

Muuza duka la dawa kamwambia mdogo wangu kwamba hapa hakuna jingine ila kwenda Dar kwa kipimo cha umeme cha mishipa ya fahamu. Mdogo wangu ameshaanza kuchangisha ukoo mzima. Naomba mwenye uzoefu anieleze: kipimo hicho ni nini hasa, na kinauma? Na kweli nimpandishe mama basi, kilomita zaidi ya 500, kabla ya jambo lingine lolote? Nimebakiza siku 12.

Kutoka: Shangazi wa Masasi (Birmingham)

Marahaba mwanangu. Mama mpe pole nyingi, mwambie simulizi yake ndiyo yangu.

Mimi nilifanyiwa hapa, enzi nikipakia mboga kwenye ghala la baridi. Barua ya miadi ilisema nisipake mafuta. Sasa mtu uliyekulia mafuta ya nazi, asubuhi mkono unakwenda wenyewe kwenye kopo. Mtaalamu akanifuta kwa spiriti mpaka ngozi ikakauka, kisha akanishika viganja, akatikisa kichwa: baridi mno. Akaniletea beseni la maji ya uvuguvugu nikatumbukiza mikono. Nilidhani ananihurumia na baridi ya nje. Kumbe mkono ukiwa wa baridi mshipa hupitisha ujumbe polepole, na mtu mzima anaweza kuandikwa mgonjwa. Kwa hiyo wenzangu mlio kwenye nchi za theluji, nendeni na glavu, na mkiona mikono bado ya baridi semeni kabla hajaanza.

Akachora vialama vya kalamu mkononi, akapima kwa tepu kama ya fundi cherehani kutoka kwenye kifundo cha mkono mpaka kiwiko. Akabandika vibandiko vyenye nyaya, akagusa kifundo kwa kitu chenye ncha mbili. Pa! Kidole gumba kikaruka chenyewe, mimi sijakiambia kitu. Unajua ukijigonga kiwiko kwenye kona ya meza? Ndiyo hivyo hivyo, tena kwa mpigo mmoja mmoja. Mashine inashika muda ambao ujumbe umetumia njiani, ukigawa umbali kwa muda huo unapata mwendo. Mkononi mshipa mzima hupitisha mita 50 kwa sekunde au zaidi, mguuni kama 40. Wangu ulitoka kiwikoni vizuri, ukifika kwenye kifundo unasuasua. Hapo ndipo ulipobanwa, na akanionyesha kwenye skrini mlima mmoja umechelewa kuliko mwenzake.

Halafu sindano. Ni nyembamba, haina dawa na haipitishi umeme, inasikiliza msuli tu. Ukilegeza mkono, kimya. Ukikaza, spika inanguruma kama mvua kwenye bati. Sitakudanganya mwanangu, ilipoingia kwenye nyama ya chini ya kidole gumba machozi yalinitoka. Lakini si wote wanaochomwa sindano, inategemea daktari anatafuta nini. Yote kwa pamoja haikuzidi saa moja, na nilirudi nyumbani kwa basi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye kifaa cha kuendesha moyo kifuani, aseme mapema.

Kingine, na hili nalisema kwa uchungu: mara ya kwanza nilimwambia daktari "mikono inauma", nikapewa vidonge vya maumivu nikarudi ghalani. Miezi ikapita. Siku niliyomweleza kidole kwa kidole, kwamba ganzi ipo gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, na kwamba inaniamsha usiku, hapo hapo akaandika rufaa. Kama Kiingereza kinakukwama, omba mkalimani, hapa Uingereza hospitali haikutozi. Na ombeni nakala ya majibu. Karatasi ile ndiyo iliyonitoa kwenye mstari wa kupakia.

Kutoka: Kaka wa Newala (Muscat)

Dada, mimi ni muuguzi. Usikate tiketi bado.

Kipimo hicho ni kizuri sana pale daktari ameshamshika mgonjwa mkono na bado ana shaka: umebanwa kifundoni, kiwikoni au shingoni? Ni mshipa au msuli? Kabla ya hapo kuna mambo ya bei ndogo ambayo yanafanyika hapo hapo Mtwara, na ukiyaruka utarudi na karatasi yenye picha za milima bila kujua mama anaumwa nini.

Leo usiku muulize vidole gani. Kama ni vile vya shangazi hapo juu, huenda mshipa umebanwa kifundoni kama wake. Kama ni cha mwisho na cha pete, mshipa ni mwingine, ule unaopita kiwikoni. Kisha mwambie aweke migongo ya viganja pamoja, vidole vikitazama chini, akae hivyo dakika moja. Vidole vikianza kuwaka au kufa ganzi, mwandikie daktari hilo. Tazama na nyama ya chini ya kidole gumba, mkono huu na huu. Ikiwa imebonyea, usingoje.

Apimwe sukari. Kisukari hula mishipa ya fahamu taratibu, na wenye kisukari ndio wanaobanwa kifundoni zaidi. Muulize na dawa anazotumia: metformini ikitumiwa miaka inaweza kushusha vitamini B12, na isoniazidi ya kifua kikuu inaleta ganzi ikikosa vitamini B6. Mkague ngozi pia, kwa heshima, uwe peke yako naye: baka lililopauka lisilohisi mguso ni la kupeleka kituo cha afya, kwa sababu ukoma bado upo na dawa zake ni bure. Watu wanaficha mpaka vidole vinajikunja. Inaniuma kila nikikumbuka niliyoyaona kwetu.

Na mjue kipimo kina mipaka. Mtu akiumia leo, mabadiliko ya msuli kwenye sindano huchukua wiki mbili tatu kuonekana, akipimwa kesho yake anaweza kuambiwa mzima. Mishipa midogo kabisa, ile ya moto na maumivu, haionekani kwenye umeme ule, kwa hiyo nyayo zinaweza kuwaka na majibu yakawa safi. Hata konzo iliyowahi kupiga vijiji vya kwetu Mtwara, ile ya muhogo mchungu ulioliwa bila kulowekwa vya kutosha, miguu yote miwili inakakamaa ghafla lakini kilichoharibika ni njia za kutoka kwenye ubongo. Huko mashine hii haifiki.

La haraka ni moja: udhaifu unaopanda kutoka miguuni kwa siku chache, au ganzi ya mapajani pamoja na mkojo kukwama. Huyo anakwenda hospitali siku hiyo hiyo, si ya kuulizana hapa.

Kutoka: Mjukuu wa mchongaji (Hamburg)

Samahani naingilia. Babu yangu anachonga vinyago, anakaa chini kutwa, miguu ameikunja, gogo la mpingo kati ya nyayo. Tangu mfungo uliopita mguu wa kushoto unaburuza, kidole gumba hakinyanyuki, kandambili inamvuka njiani. Na yeye aanze na sukari?

Kutoka: Kaka wa Newala (Muscat)

Aanze nayo, lakini kwa babu yako kipimo naona kina kazi. Kuna mshipa unaopita nje ya goti, karibu sana na ngozi, anayekaa amekunja miguu saa nyingi huubana. Mguu kama huo unaweza pia kutoka mgongoni, na umeme ndio unaotenganisha goti na mgongo. Waulize hospitali ya kanda pale Mitengo kwanza, mpige simu kabisa: mashine ipo, na anayeitumia yupo siku hiyo? Wakati mnasubiri, akae kwenye kigoda, asikunje miguu.

Kutoka: Binti wa Mikindani

Ndugu zangu, nimerudi na majibu.

Vidole ni gumba, shahada na cha kati. Ile ya kuweka migongo ya viganja pamoja hakumaliza hata nusu dakika, akaitoa mikono na kusema, "Ndiyo huyu huyu." Ngozi haina baka. Tukaenda hospitali ya Ligula asubuhi kabla hajanywa chai: sukari 9.4. Kesho yake wakarudia, 9.1. Ni kisukari, na hakuna aliyejua, wala yeye. Mimi nilikuwa natuma pesa ya sukari ya chai kila mwezi.

Daktari alimkunja kifundo, akamgonga gonga pale kati kwa kidole, akasema kwa dalili hizi kipimo cha umeme kinaweza kusubiri. Ameanza dawa ya kisukari, na amepewa gango la kulalia linaloshika kifundo kisijikunje. Kubangua korosho amekatazwa kwa sasa, hilo ndilo gumu, amenuna siku mbili. Wiki sita asipopata nafuu, au nyama ya gumba ikianza kubonyea, ndipo tutafute kipimo kabla ya kuzungumza upasuaji. Michango mdogo wangu ameiweka kwa ajili ya vijiti vya kupimia sukari.

Jana usiku aliamka mara moja badala ya tatu, na ulikuwa mkono wa kushoto. Kama kuna anayekuja Mtwara karibuni, naomba amletee gango la kushoto, saizi ndogo, nitalilipia.