Betri ya gari lililokaa muda mrefu: nianze na waya upi?

Mwenye gari, Tanga
Habari zenu wakuu. Gari langu la petroli lilibaki nyumbani kipindi chote nilichokuwa kazini Muscat. Kabla ya kuondoka nilifungua nyaya zote mbili za betri, lakini betri yenyewe nikaiacha chini ya boneti. Sasa mita inasoma volti 12.1, na kichwa cha upande wa chanya kimeota unga wa kijani. Naomba kuelezwa nianze na waya upi, na kama naweza kuwasha moja kwa moja. Betri ni ya 45Ah, yenye vifuniko vya kuongezea maji.

Fundi umeme wa magari
Ndugu, usiwashe bado. Betri iliyojaa na kutulia husoma takribani volti 12.6, kwa hiyo yako imeshuka kufikia nusu au chini yake, na betri ikikaa katika hali hiyo sahani zake za risasi hushikwa na salfeti ambayo huwa ngumu kadiri muda unavyopita. Fungua vifuniko utazame: maji yakiwa yameshuka chini ya sahani, ongeza maji ya betri mpaka yazifunike tu, na usiongeze asidi, kwa sababu kinachopotea kwa joto ni maji peke yake. Kisha ichaji polepole, kwa ampea 4 hadi 4.5, mahali penye hewa na mbali na moto wowote, maana betri inayochajiwa hutoa hidrojeni. Kiwango cha maji kikamilishe baada ya kuchaji.

Unga huo usafishe kwa brashi na maji ya moto yenye magadi ya kupikia, vifuniko vikiwa vimefungwa ili magadi yasiingie ndani na kuiharibu asidi.

Wakati wa kufunga, anza na chanya, hasi iwe ya mwisho. Hasi imeunganishwa na bodi. Ukiitanguliza, kisha spana unayokazia chanya ikagusa chuma chochote cha gari, umeme wote utapita kwenye spana hiyo. Wakati wa kufungua, hasi hutangulia.

Dereva, Morogoro
Fundi, kwa heshima, wengi wetu huazima umeme wa gari jingine kisha tukaendesha, na altaneta, ile jenereta inayozungushwa na injini, ikajaza betri yenyewe. Chaja ni ya lazima kweli?

Fundi umeme wa magari
Kwa dharura inafaa. Hata hivyo altaneta imeundwa kurudisha umeme kidogo uliotumika kuwasha, na ikibebeshwa betri iliyoshuka hupata joto jingi, huku safari fupi za mjini zikiiacha betri haijajaa.

Mama mwenye gari, Mombasa
Niongeze jambo moja, kaka. Ukikaza hasi, shusha kioo na ushike ufunguo mkononi, kwani baadhi ya magari hujifunga au kupiga king'ora. Saa itahitaji kurekebishwa, redio nyingine hudai namba ya siri, na injini inaweza kunguruma kwa kupanda na kushuka mpaka kompyuta ijifunze upya.

Fundi umeme wa magari
Ni kweli kabisa, dada. Injini ikishawaka, pima tena kwenye betri: volti 13.8 hadi 14.5 ni dalili kwamba altaneta inachaji. Zima, uiache usiku mzima, upime asubuhi. Ikiwa imeshuka chini ya 12.4 ilhali ilichajiwa ikajaa na hakuna kifaa kilichoachwa kimewaka, ipeleke ikapimwe kwa mzigo, yaani ikiwa inatoa umeme mwingi, kabla hujaitegemea safarini.