Skripti moja ya kutunza chaji kwa laptopu za aina tofauti: viwango vikae wapi?

Fundi wa Shangani, Mtwara
Ndugu zangu, natunza laptopu tisa zenye Linux, ambazo msimu wa korosho hupelekwa kwenye maghala ya Masasi na Newala kuandikia uzito wa magunia, na huko umeme ukikatika karani hubaki na betri peke yake. Kila moja niliiandikia skripti yake ya kupunguza mwangaza wa skrini, kubana kasi ya prosesa na kuilaza mashine chaji ikifika asilimia 10. Matokeo yake, nikirekebisha kosa katika moja, nane zinabaki nalo. Nataka skripti ziwe za pamoja, lakini kila mashine iwe na viwango vyake. Mngezipangaje?

Mwanamikindani
Tenganisha kazi na viwango. Skripti zikae katika folda moja, kila moja ikishughulikia jambo moja tu na kupewa neno moja, "chaja" au "betri", ndipo ijue la kufanya. Viwango viandikwe ndani ya /etc, folda ya mipangilio ya mfumo, na faili ya mashine isomwe baada ya ile ya wote ili iitangue panapotofautiana. Ndivyo pm-utils, programu ya kusimamia matumizi ya umeme katika Linux, ilivyofanya kwa skripti zenyewe: iliyowekwa /etc/pm/power.d ilichukua nafasi ya ile yenye jina hilohilo iliyokuja na programu.

Usiandike BAT0, jina ambalo Linux huipa betri, popote. Mashine nyingine ina BAT1, na chaja huitwa AC hapa, ADP1 pale. Pitia kila kilichomo ndani ya /sys/class/power_supply, ambamo Linux huorodhesha betri na chaja, usome faili ya type: "Mains" ni chaja, "Battery" ni betri. Tazama na faili ya scope, maana kipanya kisicho na waya nacho hujitokeza kama betri. Ikisema "Device", kiruke. Nasema hivi kwa sababu laptopu yangu iliwahi kulala katikati ya kazi, betri yake imejaa, kumbe kilichoishiwa chaji ni kipanya.

Karani wa ghala, Newala
Naomba kuongeza la mtumiaji. Laptopu yetu iliwekewa dirty_writeback_centisecs ya 6000, yaani kerneli, kiini cha Linux, ingoje dakika nzima badala ya sekunde 5 kabla ya kushusha data kwenye diski. Betri yake kuukuu huonyesha asilimia 22, kisha huzima ghafla. Siku moja uzito tuliokwisha kuandika ulipotea hivyo, tukarudisha magunia kwenye mzani huku wakulima wakisubiri stakabadhi.

Fundi wa Shangani, Mtwara
Pole sana dada, hilo la dakika nzima nililiweka mimi. Naliondoa kwenye skripti za wote, na mashine yenu itaandikiwa kulala kwa asilimia 30. Mwanamikindani, mbili kati ya laptopu hizi zina TLP tayari, programu ya kutunza betri, niiache?

Mwanamikindani
Chagua moja, TLP au skripti zako. Zote mbili zikiandika scaling_governor, faili ya kuchagua namna kasi ya prosesa inavyopangwa, itakayobaki ni ya aliyeandika mwisho, nawe utatafuta kosa kwenye skripti isiyo na kosa.